Kuitafuta Nasaba ya Familia ya Kijerumani katika Bonde la Ufa: Mfano wa Familia ya Stefanie Zweig

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida humwonya mfanyabiashara, lakini yamfaa vilevile mtu anayeitafuta nasaba yake. Ukoo ni mali. Ukoo usioandikwa, au ulioandikwa katika daftari la watu wengine na kwa lugha nyingine, huweza kupotea hata kama vizazi vyake vingali hai.

Tuseme mtu wa Nakuru ameambiwa na wazee wake kwamba babu mmoja katika ukoo alikuwa Mjerumani aliyeishi Rongai, Njoro, Gilgil au Naivasha. Je, aanzie wapi? Na akishalipata jina, atawezaje kujua sababu iliyomleta mtu huyo kutoka Ulaya ya kati hadi kwenye nyanda za Bonde la Ufa? Makala hii inakusudia kujibu maswali hayo mawili. Kwanza tutaeleza ni Wajerumani wa namna gani waliofika katika eneo hili. Pili tutaifuatilia familia moja ambayo habari zake zinajulikana, yaani familia ya mwandishi Stefanie Zweig. Mwisho tutaonyesha nyaraka zinazoweza kumsaidia mtafiti, nafasi ya lugha ya Kiswahili katika utafiti wa aina hii, na watu ambao nyaraka hizo haziwataji.

Wajerumani Gani?

Kosa la kwanza la watafuta nasaba wengi ni kudhani kwamba neno "Mjerumani" lina maana moja. Katika historia ya Kenya tunaweza kutofautisha angalau makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wamisionari na wasafiri wa karne ya 19. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, anafahamika kwa kila mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliyeufikia mwambao wa Ziwa Naivasha ni daktari na mtaalamu wa viumbe, Gustav Adolf Fischer, mzaliwa wa Barmen. Msafara wake uliondoka Pangani na kufika Naivasha mwaka 1883, kisha ukalazimika kurudi kwa sababu Wamaasai hawakumruhusu kuendelea mbele. Jina lake limebaki katika mnara wa mawe ulioko Hell's Gate. Watu wa kundi hili walipita tu, hawakuacha mashamba.

Kundi la pili ni la Wajerumani wa Tanganyika. Mapatano ya mwaka 1886 na yale ya mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani yaliigawa Afrika Mashariki, na Bonde la Ufa la Kenya likawa upande wa Waingereza. Hivyo basi, Mjerumani aliyekuwa akiishi Nakuru kabla ya mwaka 1914 alikuwa mgeni katika himaya ya taifa jingine, na vita vilipozuka mwaka huo akawa adui.

Kundi la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala hii, ni la wakimbizi waliofika baada ya Adolf Hitler kutwaa madaraka tarehe 30 Januari 1933. Wengi wao walikuwa Wayahudi. Si jambo la kusahauliwa kwamba miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo ulijadiliwa katika Kongamano la Wazayuni mjini Basel mwaka huohuo, ukakataliwa mwaka 1905. Nyanda zilizokataliwa na wajumbe zikaja kuwa kimbilio la watu wachache ambao milango ya nchi nyingine ilikuwa imefungwa mbele yao.

Familia ya Zweig

Stefanie Zweig alizaliwa tarehe 19 Septemba 1932 katika mji wa Leobschütz, Silesia ya Juu. Baba yake, Walter Zweig, alikuwa wakili. Mwaka 1938 familia hiyo ya Kiyahudi ilikimbilia Kenya, na wakili akawa msimamizi wa shamba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali hii ilitimia kwa Walter bila fumbo lolote, maana elimu yake ya sheria za Ujerumani haikuwa na soko katika koloni la Waingereza.

Binti alisomeshwa katika shule ya bweni ya Kiingereza. Baada ya vita kuzuka mwaka 1939, baba aliwekwa kizuizini kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui. Baadaye aliachiliwa, na hatimaye akajiunga na jeshi la Uingereza. Mwaka 1941 familia ilipokea postikadi fupi kutoka kwa nyanya yake Stefanie, ikieleza kwamba kesho yake wangesafirishwa kwenda Poland. Baba alijua maana ya safari hiyo. Mwaka 1947 familia ilirudi Ujerumani, na Walter akawa hakimu mjini Frankfurt. Stefanie, ambaye sasa Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha yake ya shule, alilazimika kujifunza upya lugha ya wazazi wake. Alikuja kuwa mwandishi wa habari, kisha mwandishi wa vitabu. Riwaya yake ya Nirgendwo in Afrika, yaani "Pasipo Mahali Afrika", ilitoka mwaka 1995. Filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Caroline Link, ilitoka mwaka 2001 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2003 kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Stefanie Zweig alifariki mwaka 2014.

Nyakati Zinavyoieleza Familia

Tarehe peke yake hazielezi kitu. Mtafiti anapoona kwamba familia iliondoka mwaka 1938, swali la kujiuliza ni hili: kwa nini si mwaka 1933? Sheria ya Aprili 1933 ilikuwa tayari imeanza kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma na katika uwakili. Wakili Myahudi alibakije kwa miaka mitano zaidi?

Jibu moja limo katika jiografia. Silesia ya Juu ilikuwa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1922, uliozilinda haki za jamii za wachache katika eneo lililokuwa limepigiwa kura baina ya Ujerumani na Poland. Mwaka 1933 Myahudi mmoja wa eneo hilo, Franz Bernheim, alipeleka malalamiko mbele ya Shirikisho la Mataifa, na Ujerumani ikalazimika kusitisha sheria zake za kibaguzi katika eneo hilo. Kinga hiyo ilikoma Julai 1937, mkataba ulipomalizika muda wake. Wilaya ya Leobschütz ilikuwa ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo, familia iliyoondoka huko mwaka 1938 haikuchelewa kwa uzembe wala kwa upofu. Dari iliyoihifadhi ilikuwa imeondolewa miezi michache tu kabla.

Waliobaki walifungiwa njia upesi. Agosti 1938 ilitolewa amri kwamba kuanzia Januari 1939 kila mwanamume Myahudi aongeze jina la Israel, na kila mwanamke jina la Sara. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto kote nchini Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1941 amri nyingine iliwavua uraia Wayahudi wote waliokuwa wakiishi nje ya nchi.

Hapa ndipo tunapoiona hali ya kinaya iliyowakabili wakimbizi wa Bonde la Ufa. Mwaka 1939 serikali ya Kenya iliwakamata kwa kuwa ni Wajerumani. Miaka miwili baadaye serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba wao si Wajerumani. Mtafiti akiukuta waraka wa Kenya unaomwita babu yake Mjerumani, na waraka mwingine unaomwita mtu asiye na taifa, asidhani kwamba mojawapo una makosa. Kila mmoja ulisema kweli ya siku yake.

Riwaya kama Ushahidi

Wanafunzi wa fasihi watauliza kama riwaya inaweza kutumiwa kama chanzo cha historia. Jibu ni kwamba inaweza, mradi isomwe kwa masharti yake. Nirgendwo in Afrika ni riwaya ya kitawasifu. Familia inayosimuliwa inaitwa Redlich, na binti anaitwa Regina. Anayekwenda katika hifadhi ya nyaraka kuitafuta familia ya Redlich ya Rongai atarudi mikono mitupu, kwa kuwa jina hilo ni la kubuni.

Hata hivyo, mazingira si ya kubuni. Riwaya inawapeleka wahusika Rongai, kisha Ol Joro Orok katika nyanda za Nyandarua, na binti anapelekwa shuleni Nakuru. Kilimo cha pareto kinachotajwa humo kinalingana na historia: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilichukua nafasi ya Japani katika soko la dunia la zao hilo, na nyanda za juu zinazozunguka Nakuru zikawa kitovu chake. Tukisoma kwa jicho hilo, tutaichukua riwaya kama mashahidi wanaotueleza hali, hisia na mandhari, lakini majina na tarehe tutaziuliza nyaraka.

Nyaraka na Mahali Zilipo

Utafiti wa nasaba huanzia nyumbani. Picha, barua, vitabu vya dini, vyeti na kumbukumbu za wazee viorodheshwe kabla ya safari yoyote. Baada ya hapo mtafiti ana njia mbili, moja ya Kenya na nyingine ya Ulaya.

Kwa upande wa Kenya, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ina faili za utawala wa kikoloni, zikiwemo ripoti za mwaka za wilaya. Gazeti rasmi la serikali, ambalo mwanzo wake ni mwaka 1899, lilichapisha matangazo ya mirathi, ardhi na maombi ya uraia. Ukurasa mmoja wa tangazo la mirathi huweza kutaja jina kamili, shamba na tarehe ya kifo. Makaburi nayo ni nyaraka za mawe. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mtafiti akikutana na majina ya Kiyahudi yanayohusishwa na Gilgil katika miaka ya 1947 na 1948, akumbuke kwamba Waingereza waliwaweka huko kizuizini wapiganaji wa Kiyahudi waliokamatwa Palestina. Hao hawakuwa walowezi wala wakimbizi kutoka Ujerumani.

Kwa upande wa Ulaya, ni muhimu kujua kwamba mipaka ilihama. Leobschütz leo ni Głubczyce, mji wa Poland, na Breslau ni Wrocław. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia mwaka 1874, lakini madaftari ya Silesia yanaweza kuwa katika hifadhi za Poland. Orodha mashuhuri za abiria wa bandari ya Hamburg zinakomea mwaka 1934. Kwa hiyo anayemtafuta mkimbizi wa mwaka 1938 asipoteze siku zake humo. Hifadhi ya Arolsen nchini Ujerumani ina kumbukumbu za mamilioni ya watu walioteswa na Wanazi. Yad Vashem mjini Yerusalemu inakusanya majina ya waliouawa, na Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ina kitabu cha kumbukumbu chenye majina ya Wayahudi waliouawa. Mjini Frankfurt, Maktaba ya Taifa ya Ujerumani inatunza hifadhi maalumu ya watu waliokwenda uhamishoni kati ya mwaka 1933 na 1945.

Utafiti huu una matokeo ya kisheria pia. Kifungu cha 116 cha Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 kinawapa haki ya kurudishiwa uraia watu walionyang'anywa kwa sababu za kisiasa, kirangi au kidini baina ya tarehe 30 Januari 1933 na tarehe 8 Mei 1945, pamoja na vizazi vyao. Kwa muda mrefu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na baba aliyevuliwa uraia hakuhesabiwa. Mei 2020 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitoa hukumu iliyoipinga tafsiri hiyo, na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa. Kwa familia ambayo babu yake hakufunga ndoa na nyanya yao, karatasi moja iliyohifadhiwa sandukuni inaweza kuwa na uzito ambao mwenye sanduku hakuukisia.

Lugha kama Ushahidi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na kitu ambacho mwanahistoria wa Ulaya hana. Barua za wakimbizi, hata zilizoandikwa kwa Kijerumani, zinaweza kuwa na maneno ya Kiswahili, na namna yalivyoandikwa ni ushahidi. Anayeandika "Schamba" na "Dschambo" aliyasikia maneno hayo kwa sikio la Kijerumani. Anayeandika "toto" kwa maana ya mtoto, na kuacha upatanisho wa ngeli, amejifunza Kisetla, yaani Kiswahili cha mashambani kati ya mlowezi na mfanyakazi, lugha iliyojaa amri na yenye vitenzi vichache. Anayeandika Kiswahili cha ngeli kamili pengine alipitia Tanganyika au pwani kabla ya kufika Nakuru.

Lugha ilisafiri kwa njia zote mbili. Neno "shule" lenyewe tulilipata kwa Wajerumani wa Tanganyika, kama tulivyopata "hela" kutokana na sarafu yao ya Heller. Binti wa Leobschütz alipopelekwa shuleni katika nchi ya kigeni, Waswahili walikuwa wakipaita mahali hapo kwa neno lililotoka katika lugha yake mwenyewe. Naye aliporudi Ujerumani hakuyaacha maneno aliyoyaokota huku: riwaya yake mojawapo, iliyochapishwa mwaka 2000, inaitwa Karibu heißt willkommen. Kichwa hicho kinalifasiri neno letu la "karibu" kwa wasomaji wa Kijerumani.

Wasiokuwamo Daftarini

Katika Nirgendwo in Afrika, mtu anayeifundisha familia namna ya kuishi ni mpishi Mjaluo aitwaye Owuor. Msomaji wa Nakuru atajiuliza: mtu wa namna yake tutamtafuta wapi? Sheria ya Kenya ilidai vizazi na vifo vya Wazungu viandikishwe tangu mwaka 1904. Kwa Waafrika uandikishaji uliletwa kidogo kidogo, na ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Katika miaka ya vita, mfanyakazi wa shamba alikuwapo katika daftari la serikali kwa sababu ya kipande chake: jina, alama za vidole na jina la mwajiri. Kwa hiyo mkimbizi aliyekaa Rongai kwa miaka michache ana nyaraka katika nchi tatu, ilhali mpishi aliyemlisha huenda hana hata moja inayowataja wanawe.

Ardhi nayo ina nasaba yake. Jina la Nakuru na lile la Ol Joro Orok yote ni ya asili ya Kimaasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, na kwa yale ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia, ili Wazungu wapate mashamba. Waliofuata, yaani maskwota Wakikuyu na wengineo, walibanwa na sheria ya mwaka 1937 iliyowapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo yao na kuongeza siku zao za kazi. Baadhi yao walihamishiwa Olenguruone katika miaka ya 1940, kisha wakafukuzwa huko nako kufikia mwaka 1950. Hivyo, katika muongo uleule ambao familia moja iliyofukuzwa Ulaya ilipata hifadhi katika Bonde la Ufa, familia nyingi za Kiafrika zilikuwa zikifukuzwa katika bonde hilohilo. Kusema hivi si kuyapima mateso katika mizani moja. Ni kusema kwamba anayeitafuta familia ya babu wa Kijerumani bila kuwauliza majirani zake Waafrika atapata nusu ya ukoo.

Njia ya kuipata nusu ya pili ni masimulizi. Mtafiti aende kwa wazee waliokulia katika mashamba hayo, awasalimu inavyostahili, amwite guka yule wa Kikuyu na kugo yule wa Kikalenjin, na aulize kwanza habari zao wenyewe kabla ya kuuliza habari za mzungu. Majina ya utani waliyopewa walowezi, majina ya mashamba kama yalivyotamkwa na wafanyakazi, na tarehe zinazohesabiwa kwa mwaka wa nzige au wa njaa, yote haya huweza kulinganishwa na Gazeti rasmi na ripoti za wilaya. Mara nyingine jina la utani ndilo litakaloufungua mlango ambao jina la pasipoti limeshindwa kuufungua.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kumtafuta babu wa Kijerumani katika Bonde la Ufa ni kuzitafuta nyakati zake. Familia ya Zweig haieleweki bila mkataba uliokoma mwaka 1937, bila vita vya mwaka 1939, wala bila amri ya mwaka 1941. Vilevile haieleweki bila ardhi iliyoikaribisha na watu walioilima. Tumeona pia kwamba riwaya, Gazeti rasmi, barua na kumbukumbu za wazee ni mashahidi wanaopaswa kusikilizwa pamoja.

Kazi iliyobaki ni yetu. Wasomi wa Ulaya wameyatunza madaftari yao vizuri, na tunaweza kuyasoma. Masimulizi ya mashamba ya Rongai, Njoro na Ol Joro Orok hayatunzwi na mtu mwingine. Watoto walioishi katika mashamba hayo wakati wa vita sasa ni wakongwe, na wengi wao hutusimulia kwa Kiswahili. Mwanafunzi mwenye daftari, kinasa sauti na adabu ya kusikiliza anaweza kuanza likizo ijayo, kabla habari hizo hazijapotea pamoja na wenyewe.